Nimekwisha kula michembe yake, nitamwambiaje apunguze sauti ya simu?

Binti wa Igogo ameuliza:

Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu habari za leo. Naomba ushauri wa watu waliozoea kusafiri kwa treni ya Reli ya Kati, hasa wale wanaopandia huku kwetu Mwanza, kwa sababu mwisho wa mwezi huu nitasafiri tena na sitaki yanikute yaliyonikuta safari iliyopita.

Nilikuwa nakwenda Dodoma, safari ya zaidi ya kilomita 700, na nilikata tiketi ya daraja la pili kulala. Kwa asiyelijua daraja hilo, chumba kimoja kina vitanda sita, vitatu kila upande, na wanawake hupewa chumba chao na wanaume chao, isipokuwa watu wa familia moja wakilipia chumba kizima. Mimi nilipata kitanda cha kati. Chini yangu alikuwapo mama mmoja wa makamo, rika la mama yangu mzazi, mtu mwenye heshima zake na kitenge chake kizuri, ambaye hata kabla treni haijaondoka alikuwa ameshafungua kapu na kutugawia michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) na karanga za kukaanga, chumba kizima, bila kumruka mtu. Nilikula, nikashukuru, na nadhani hapo ndipo nilipojifunga mwenyewe.

Tulipopita stesheni ya Fela, mama alitoa simu akaanza kusikiliza jumbe za sauti za kundi la kikoba chao cha kuweka na kukopa, mmoja baada ya mwingine, kwa spika, sauti ikiwa juu kabisa. Za kikoba zilipokwisha yakafuata mahubiri, na mahubiri yalipokwisha akapiga simu nyumbani kuuliza kama kuku wamefungiwa, na kwa kuwa mtandao ulikuwa ukikatika kila tulipoacha stesheni, ilimbidi aanze upya habari ya kuku kila alipompata mtu, na kila mara kwa sauti kubwa kuliko ile ya kwanza. Ilipofika saa saba usiku nilikuwa nimeshamjua mwanakikoba ambaye hajarejesha mkopo, anadaiwa kiasi gani, na mume wake anasemaje.

Asubuhi likaja la pili. Mchana kitanda cha kati hukunjwa kikawa egemeo, na cha chini kikawa benchi la kukalia watu watatu, lakini mama alikuwa amechoka kwa kukesha na simu yake, akajinyoosha akalala mpaka karibu saa sita, na sisi wa kati na wa juu tukabaki ama tumekunja shingo huko juu ama tumesimama koridoni tukipishana na wauza chai.

Hakuna aliyesema neno. Dada mmoja alikohoa mara mbili tatu, kikohozi cha kusema jambo, na mama akaamka akampa kipande cha tangawizi atafune.

Sasa swali langu ni hili: mtoto humwambiaje mama mtu mzima, ambaye chakula chake ameshakila, kwamba anamkera? Nilifikiria kumwita mhudumu wa behewa nikaona ni kama kumshtaki mama yangu kwa mjumbe wa nyumba kumi. Nilifikiria kuhama chumba, lakini vyumba vilijaa. Naomba nijibiwe na watu waliowahi kusema wakasikilizwa, na wale watakaoniambia nipande basi naomba waniache kwanza, kwani kwenye basi muziki huwekwa na dereva mwenyewe.

---

Msafiri wa Isaka amejibu:

Dada, pole. Mimi sina maneno mengi: nunua hedifoni, na ukikosa, chukua pamba, uisokote, uzibie masikio, ulale. Nasema hivi kwa sababu nimeshakata tamaa ya kuwabadilisha watu. Nilidhani tatizo ni ule ukongwe wa behewa na urefu wa safari, mpaka nilipopanda treni ya SGR, ile reli mpya ya kisasa, kutoka Dodoma kwenda Dar es Salaam mwaka 2024, mara tu ilipoanza kufika Dodoma. Ni treni ya umeme, kiti kina namba, kuna ubaridi wa kiyoyozi, kila kitu kipya, na bado jirani yangu alitazama mpira kwa sauti tangu Dodoma hadi Morogoro. Tofauti ni kwamba kule kero ni ya saa chache, unavumilia unashuka, ila hii yetu ina usiku na mchana ndani yake. Kipande cha SGR cha Mwanza hadi Isaka, kilomita 341, kiliwekewa jiwe la msingi pale Fela mwezi Juni 2021, na siku kitakapoanza kupakia abiria nitakuwa wa kwanza kukipanda, na pamba yangu nitakuwa nayo mfukoni.

---

Mstaafu wa Mabehewa amejibu:

Marahaba, mwanangu. Nimefanya kazi ya uhudumu wa mabehewa kwa miaka mingi kabla sijarudi nyumbani kulima mpunga, kwa hiyo niruhusu niseme kwa kirefu kidogo kuliko bwana wa Isaka.

Reli hii ilifika Mwanza mwaka 1928 ikitokea Tabora, na ninaamini abiria walianza kukerana siku hiyo hiyo. Katika enzi zangu hapakuwa na simu. Palikuwa na redio za betri, na baadaye redio kaseti, na palikuwa na majogoo. Nakumbuka jogoo mmoja aliyefungwa miguu na kusukumwa chini ya kitanda, akatulia tuli tangu Mwanza, halafu saa tisa za usiku, tumesimama Malampaka, kimya kimetanda, akawika mara saba. Mwenye jogoo ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuliza kwa hasira ni nani ameingiza kuku humu ndani.

Sasa nirudi kwako. Kula michembe hukukosea hata kidogo. Ulichelewa kusema, basi. Chumba cha watu sita wasiojuana kina saa moja tu ya kupangwa, nayo ni ile saa ya kwanza, watu wanapopandisha mizigo, wanaposalimiana, wanapoulizana mwenzangu unashukia wapi. Abiria wazoefu niliowahudumia walikuwa wakiitumia saa hiyo kumaliza mambo yote bila mtu kuona kwamba kuna kikao. Utasikia mmoja anauliza, “Jamani, vitanda tunashusha saa ngapi?” Mwingine anasema, “Mimi naamka alfajiri, nitatoka taratibu.” Wa tatu anauliza kuhusu dirisha, maana dirisha ni ugomvi mkubwa kuliko simu: aliye juu anataka liwe wazi kwa joto, aliye chini anaogopa vumbi na mikono ya wezi kwenye stesheni za usiku. Kwa ajili hiyo tulikuwa na vipande vya mti vya kukazia dirisha ili lisifunguliwe kutoka nje, na mimi nilikuwa nikimkabidhi kipande hicho mkubwa wa chumba mbele ya wenzake wote. Akishakipokea, amekuwa mwenye nyumba. Mtu aliyepewa ulinzi wa chumba ni vigumu kuwa yeye huyo huyo wa kukikera.

Maneno ya simu ungeyapenyeza hapo hapo, karanga zingali mkononi, na ungelichukua kosa ukajitwisha mwenyewe: “Mama, mimi usingizi wangu ni mwepesi kama wa paka, tukishashusha vitanda naomba unisaidie na simu.” Hujasema kwamba anapiga kelele. Umesema una udhaifu, naye ni mama, atakusaidia. Ukisubiri saa saba usiku, neno lolote utakalolitoa litatoka limekwishachacha.

Kuhusu benchi la mchana, desturi tuliyoifuata ni kwamba kitanda ni cha mwenye tiketi usiku, na kukipambazuka cha chini kinakuwa cha watu wote watatu wa upande ule, wala mwenyewe hajanyang'anywa kitu. Mgonjwa, mjamzito na mwenye mtoto mchanga huachiwa. Wengine ukiwaambia, “Mama, naomba nikukunjie shuka,” huku umeshalishika pembe moja, huinuka wenyewe.

Na kuhusu mhudumu, usimfananishe na polisi. Chumba kimoja kikinilalamikia, sikuwahi kwenda kwenye chumba hicho peke yake. Nilikuwa nachukua ule ufunguo wetu wa behewa, nagonga kila mlango tangu wa kwanza hadi wa mwisho, na kila mlango nasema maneno yale yale: watoto wamelala, tupunguze sauti, na tukumbuke choo hakitumiki treni ikiwa imesimama stesheni. (Vyoo vile vya zamani vilikuwa vikimwaga relini moja kwa moja, kwa hiyo abiria aliyejisahau alikuwa akiwakera stesheni nzima, wala si behewa peke yake.) Mkosaji alijiona katika kundi, hakujua nani amemsema, na mlalamikaji aliendelea kula karanga za jirani yake kwa amani. Mwombe mhudumu wako afanye hivyo, na ikiwa ni mtu wa kazi hatakuuliza mara mbili.

---

Mama Dagaa wa Mwaloni amejibu:

Nimesoma haya yote nikacheka peke yangu, kwa sababu mama huyo wa michembe ni mimi. Si mimi wa safari yako, binti, lakini ni mimi. Nauza dagaa pale Mwaloni, Kirumba, naenda Tabora na Dodoma mara nyingi kuliko ninavyokwenda kanisani, na simu yangu husema kwa spika.

Nitakueleza kwa nini, wala sijitetei. Macho yangu hayasomi tena maandishi madogo, kwa hiyo wenzangu hunitumia sauti, na hizo sauti ndizo barua zangu, ndizo risiti zangu, ndizo habari za mzigo uliofika na uliopotea. Nikiiweka simu sikioni, shavu linabonyeza kioo, simu inakatika au inampigia shemeji yangu wa Geita. Kwa hiyo naiweka mbele yangu mezani, nasikiliza kama redio, na ndani ya treni inayotikisika sioni kwamba nimepiga kelele kwa sababu hata magurudumu yanapiga kelele. Hakuna aliyewahi kuniambia. Huwa naona tu vijana wananitazama kisha wanatazamana.

Safari moja nilikuwa daraja la tatu na mfuko wangu wa dagaa wa kupeleka kwa wifi yangu, haukufungwa vizuri, nami ninakiri. Kijana aliyekaa mbele yangu alijifunika pua na kola ya shati tangu Mwanza hadi Shinyanga, hakunisalimu, hakusema kitu, na alipopata nafasi alihamia mbali. Nilijua ni dagaa. Kama angesema, “Mama, dagaa wako wananukia mpaka nasikia njaa,” ningecheka, ningeinuka nikaufunga ule mfuko. Alivyoondoka kimya nilijisikia kama kitu kilichooza. Ada za watoto wangu watatu zimetoka katika dagaa hao hao. Tangu siku ile magunia ya biashara nayapeleka kwenye behewa la mizigo kama inavyotakiwa, na dagaa wa zawadi nawatia kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana, juu nazungushia mkanda wa gundi, na hata ukiketi juu yake husikii kitu. Nilijifunza, lakini nilijifunza kwa kuumia.

Sasa wewe umeandika kwamba kwa kula michembe umejifunga. Hapo umekosea kabisa, mwanangu, na wazazi wako wakisoma watasema kama mimi. Mimi simgawii mtu chakula ili anyamaze. Nikikupa chakula ukala, umekuwa mwanangu ndani ya chumba kile, na mtoto wangu ana ruhusa ya kuniambia, “Mama, simu.” Wanangu wa kuzaa huniambia hivyo kila jioni, tena kwa ukali. Asiyekula changu ndiye ambaye ningemshangaa akinisahihisha. Wewe ulikuwa na haki hiyo mkononi, ukaitafuna ukaimeza.

---

Mwalimu wa Magu amejibu:

Nimeyapenda maneno ya mama yetu wa Mwaloni, lakini naomba tusijidanganye kwamba kila mkeraji ni mama mwenye kapu la karanga. Wanawake mmekaa chumba chenu mkasumbuliwa na kikoba. Sisi wanaume chumba chetu huwa na watu walioanzia safari yao kwa pombe kwenye behewa la chakula. Mlevi humwambii kwamba usingizi wako ni mwepesi kama wa paka. Atakwambia paka hulala popote.

Kuna mambo ambayo mimi siyaombi kwa unyenyekevu, na la kwanza ni sigara. Sheria ya kudhibiti bidhaa za tumbaku ya mwaka 2003 inakataza kuvuta katika vyombo vya usafiri wa umma, kwa hiyo mtu akiwasha sigara ndani ya chumba cha vitanda sita, namwambia mara moja azime, na akikataa namwita mhudumu bila kusubiri stesheni ijayo, nami sijioni mchongezi. Vivyo hivyo mtu anayemgusa mwenzake, au anayetukana, au anayelazimisha kufungua mzigo usio wake. Hayo hayahitaji michembe. Takataka dirishani ni jambo la katikati: mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, lakini chupa za maji bado huruka madirishani kama ndege, na hapo mimi hutumia ujanja wa mwalimu. Natundika mfuko wa karatasi kwenye ndoano ya nguo, naweka takataka zangu za kwanza mbele ya wote, kisha nauinua kwa kila mmoja bila kusema neno. Hadi leo hakuna aliyeukataa.

Kwa ulevi na makelele ya wanaume nimeona dawa moja tu ikifanya kazi, nayo ni utani. Safari moja tulikuwa na kijana wa Kizaramo aliyekuwa akiimba na kupiga ngoma kwenye ukuta wa behewa usiku wa manane. Tumenyamaza wote, tunaogopa. Mzee mmoja Mnyamwezi wa kitanda cha juu, ambaye tulidhani amelala, akainua kichwa akasema, “Mtani, babu zenu waliwapokea babu zetu pale pwani wamebeba pembe miezi mitatu, na hata wao waliwaacha kwanza walale. Wewe unawashinda kwa ukatili.” Kijana alicheka hadi akakaa chini, akamwita mzee bwana wangu, akalala. Neno lile lile lingetoka kinywani mwangu mimi Msukuma nisiyekuwa na uhakika wa utani wangu naye, tungepigana. Kwa hiyo natahadharisha: utani una wenyewe, na ukimtania asiye mtani wako umetukana.

Narudi kwa dada. Kwa mama wa kikoba, fuata ushauri wa mstaafu. Kwa mwenye sigara, fuata wangu.

---

Msafiri wa Isaka amejibu:

Mwalimu, huo mfuko wa karatasi nitauiba. Lakini bado nashikilia pamba, kwa sababu mama akizima simu, huwa anaanza kukoroma, na kukoroma hakuna sheria ya mwaka wowote.

---

Binti wa Igogo amejibu:

Nawashukuru sana, wakubwa. Nimesoma jibu la mama wa Mwaloni mara tatu, na nimeona haya, kwa sababu miongoni mwa wale wanaotazama kisha wakatazamana mimi nilikuwamo. Nimegundua pia kwamba safari nzima, karibu siku nzima na usiku wake, sikumuuliza yule mama jina la mtoto wake wa kwanza ili nimwite Mama Fulani. Nilimwita “mama” tu, kama unavyomwita mtu yeyote barabarani, halafu nikashangaa kwa nini nilishindwa kusema naye.

Safari hii nimeamua kuwahi kupanda, nisalimie kila mmoja kwa “mwangaluka” ya Kisukuma au shikamoo kadiri nitakavyomkuta, niulize watu wanashukia wapi, na habari za kushusha vitanda nizianze mimi kabla hatujafika Fela. Nina swali moja dogo lililobaki, nalo ni kwa mama: je, niseme habari ya simu kabla ya chakula au baada yake? Na ikiwa safari hii hakuna atakayegawa chakula?

---

Mama Dagaa wa Mwaloni amejibu:

Baada ya chakula, mwanangu, watu wakiwa wanajifuta mikono. Kabla ya chakula wana njaa, na mwenye njaa husikia kila kitu kama tusi. Na kama hakuna atakayegawa, gawa wewe. Pitia sokoni ununue karanga za shilingi elfu mbili, uzikaange mwenyewe kwa chumvi kidogo, uzifunge kwenye karatasi. Samaki usibebe, hata wa kukaanga, mpaka uje nikuonyeshe namna ya kufunga ile ndoo. Niko Mwaloni kila siku isipokuwa Jumapili.

---

Mstaafu wa Mabehewa amejibu:

Na kipande cha mti cha dirisha ubebe chako, urefu wa kiganja kimoja na nusu, uchonge ncha moja iwe nyembamba. Ukiingia mpe mkubwa wa chumba.